Aliye Hai Hapangwi

Wanaume wanaokaa kwenye baraza yangu hawajawahi kuniomba ruhusa. Waliwakuta wazee wao wanakaa pale, nao wakakaa, kama mie nilivyomkuta bibi yangu kwenye nyumba hii nikabaki nayo. Kila siku baada ya swala ya alasiri wanaegemea ukuta, wanamwita muuza kahawa, wananunua kashata ninazouza, kisha wanaanza kubishana. Kelele zao zote zinaingia kupitia dirisha la chumba cha mbele, na chumba hicho ndicho alichokuwa akilala baba. Nyumba yetu ni ya chini, ya mabati, katika mtaa wa Kariakoo ambao majirani wote wameshapanda juu. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na mbele linajengwa jingine ambalo mafundi wake wanamwaga vumbi la saruji kwenye nguo nilizoanika. Nimegombana nao mpaka sauti imenikauka, na bado wanamwaga.

Kipindi ninachokisema, ubishi wa barazani ulikuwa mmoja tu: mabondia. Na si hawa wa leo wanaotunishiana misuli kwenye televisheni. Walikuwa wanawapanga mabondia weusi wa Marekani, wa uzito wa juu, wale wa zamani kabisa, wa enzi ambazo bingwa mweupe akitakiwa kupigana na mtu mweusi anasema yeye hapigani na rangi ile, na habari inaishia hapo. Mkanda unakaa kiunoni mwake. Watu wakazeeka wakiusubiri.

Aliyeleta maneno hayo alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, mkaidi kama kigingi. Alikuwa anasoma kwenye simu, miwani imeshuka puani, halafu anawasimulia wenzake. Majina yaliwashinda ndimi, wakawapa majina ya kwao. Kulikuwa na Kipofu, aliyepigana mpaka macho yakazimika. Kulikuwa na Mrefu. Kulikuwa na Msubiri, ambaye kila mwaka aliambiwa zamu yake inakuja, ikawa haiji. Mwalimu alisema watu hao, kwa kuwa Wazungu waliwakimbia, walibaki kupigana wao kwa wao, leo huyu na yule, mwezi ujao yule na huyu, mpaka wakajuana kila jino. Wamefungiwa nje pamoja, wakamalizana hukohuko nje. Na yule mweusi wa kwanza aliyefanikiwa kuingia ndani, alipoukalia ubingwa, naye akawanyima nafasi weusi wenzake. Siku Mwalimu alipoyasema hayo baraza iliwaka moto. Wengine walitaka bwana huyo afutwe kabisa, na kashata zangu zikaisha kabla ya magharibi.

Kupanga kwenyewe kulikuwa hivi. Muuza kahawa alikuwa na vikombe vya ziada, vile vidogo visivyo na mkono, vilivyomeguka midomo. Walivipindua kwenye ukingo wa baraza kwa mstari, cha kwanza karibu na birika, na kila kikombe kikawa bondia. Mtu akitaka wake apande anasimama, anamwaga hoja, wenzake wakikubali kikombe kinasogezwa. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, bondia awe ameandikwa mahali, au awepo mtu aliyemwona kwa macho yake. La pili, aliye hai hapangwi. Aliye hai, Mwalimu alisema, atakuja kujipigia debe, au atafanya upuuzi uzeeni atuaibishe. Wote wakasema barabara.

Na nyuma ya dirisha baba yangu anasikia.

Baba naye alikuwa wa uzito wa juu. Kabla ya Uhuru alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega, anainua gunia la karafuu kama mie ninavyoinua kikapu. Sisi watoto wake tulikua na hadithi moja. Kwamba kulikuwa na afisa wa polisi wa Kizungu, bingwa wao, na kwamba baba alipigana naye kwenye ukumbi wa Wazungu kule upande wa bahari, akamtwanga, akamyumbisha, akamkalisha kwenye kamba, halafu akanyang'anywa ushindi kwa pointi kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa anaisimulia kwa mikono. Puu! Puu! Sie tunaruka juu ya kitanda. Mama ananyamaza, anakuna nazi yake. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ameichoka hadithi.

Wakati huu mama ameshatangulia, ndugu zangu kila mtu na njia yake, na baba nimebaki naye mie. Mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya. Chai namnywesha. Jina langu lilikuwa linampotea, ananiita jina la dada yake, halafu ghafla linarudi na anaona aibu. Daktari alisema ni ngumi za ujanani, kichwa kilitikiswa sana. Lakini alasiri ikifika, jamani, baba alikuwa mzima. Alikuwa ananiambia nisogeze kiti chake dirishani, anatega sikio, na wale wakiondoka ananiuliza swali lilelile.

"Leo wamenitaja?"

Namwambia bado, baba.

"Watanitaja lini?"

Hebu niambieni, ningemjibu nini? Kwamba watakutaja ukifa? Kulikuwa na siku alilia. Mwanamume aliyekuwa anabeba magunia, analia kwa sababu wazee wawili watatu wanaokaa bure ukutani kwake wakinywa kahawa hawajampa kikombe kilichomeguka. Hapo nilipandwa na hasira, nikajitanda khanga nikatoka nje.

"Nyie," nikasema, "mnakaa kwenye baraza ya nani?"

Fundi mmoja wa springi za magari kule Gerezani, mdomo wake hauna breki, akasema, "Yako, dada. Karibu kahawa."

"Sitaki kahawa. Nataka baba awekewe kikombe."

Mwalimu akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba sharti linajulikana, mzee yuko hai, alhamdulillahi, na wanamwombea azidi kuwa hai. Nikamwambia sharti lako likusaidie wewe. Maiti anasikia? Kipofu wako anajua mmemweka wa ngapi? Mwenye masikio ni huyu aliyeko ndani, na masikio yenyewe yanaondoka.

Fundi akaona aokoe jahazi, akaharibu zaidi. "Lakini dada, hapa tunawapanga walionyimwa kwa rangi. Na mzee si Mwarabu? Waarabu walikuwa wananyimwa nini?"

Loh! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baba yake baba alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Yemeni, kweli, alikuja na biashara ya ngozi na kuondoka nayo. Mama yake Mzaramo wa Kisarawe, mweusi tii, na baba alitoka kwa mama. Kwenye vilabu vya Waafrika walimwambia wewe Mwarabu, nenda kwenu. Waarabu wenye maduka wakamwambia ngumi ni mambo ya makuli. Na kwenye ule mlango wa Wazungu hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani, walitazama ngozi tu. Amefungiwa milango yote, nikasema, na sasa nyie mnafunga wa nne, tena mkiwa mmekalia saruji yake.

Hawakuwa watu wabaya. Mwisho Mwalimu akasema sawa, la kuwa hai wataliachia kwa heshima yangu, lakini la shahidi haliachiki. Likiachiwa hilo, kila mtu atamleta mjomba wake. "Tuletee mtu mmoja aliyemwona ulingoni kwa macho yake. Mmoja tu. Siku hiyohiyo kikombe kinakaa, na tutamwita mzee atoke ajionee."

Nikaingia ndani nikamuuliza baba nani amebaki. Alifikiri muda mrefu mpaka nikadhani amepotea tena. Kisha akasema, wazi kabisa, "Yule Mgoa. Aliyekuwa anashika saa."

Alikuwa anajua mpaka anapokaa, Upanga, ghorofa la kijani nyuma ya hospitali. Miaka yote hiyo alikuwa anajua, na hakuwahi kumtaja hata siku moja. Nikamuuliza nimlete? Akasema, "Mlete. Mlete kabla sijasahau."

Nilipanda ngazi za ghorofa lile nikihema. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mkwe wake, akanipeleka sebuleni kwenye picha ya Bikira Maria na feni inayolia. Mgoa mwenyewe alikuwa mdogo, mkavu, shingo imelegea kwenye kola. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mie ni binti wa nani. Nikamtajia baba.

Akashika mkono wa kiti. "Bado yuko hai?"

"Yuko, lakini ndiyo hivyo tena, uzee."

Nikamweleza habari ya vikombe, nikijichekesha kidogo ili asione ni mambo ya kitoto. Hakucheka. Akasema yeye hakumbuki vizuri, ni zamani mno, nimtafute mtu mwingine. Nikamwambia mtu mwingine hayupo, wewe ndiye wa mwisho. Mkwe wake akaleta chai, akaondoka. Mgoa akaitazama chai mpaka ikapoa. Kisha akauliza, "Amesema yeye mwenyewe kwamba niitwe mimi?" Nikasema ndiyo, kakutaja yeye mwenyewe. Akasema basi atakuja Jumapili, akitoka kanisani.

Nilirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja nikiwa na furaha, wallahi. Nilinunua kitambaa cha kumshonea baba kanzu mpya.

Jumapili bajaji ilimshusha mbele ya nyumba, amevaa suti ya kijivu, ana fimbo. Baraza nzima ikanyanyuka. Vikombe vilikuwa vimeshapangwa na kimoja kimewekwa pembeni, kisafi, hata hakijameguka. Muuza kahawa alikichagua mwenyewe. Nikamtoa baba, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa kwa mkono, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na geti letu la chuma. Alikuwa ameoga mara mbili. Mgoa akamwambia habari za siku nyingi. Baba alimtazama tu.

Mwalimu akaanza, kama yuko darasani. "Mzee wetu, sisi hapa tunaheshimu aliyeona. Tunaomba utuambie. Huyu bwana alipigana na yule afisa?"

Mgoa akavua kofia yake. "Alikuwa anapigwa," akasema.

"Yaani alipigwa kwa pointi?"

"Hapakuwa na pointi. Hapakuwa na watu. Yalikuwa mazoezi." Alikuwa anasema polepole, Kiswahili chake safi cha mjini. "Afisa alikuwa anajiandaa kwa pambano la Nairobi. Mfuko wa mchanga ulikuwa haumtoshi, akataka mtu mkubwa. Wakamtoa huyu bandarini. Wakamwambia, utavaa glavu, utasimama, utajikinga ukiweza. Ukirudisha hata moja, unatoka hapa unakwenda jela. Huyu alikuwa anakuja kila jioni. Anapigwa, anavua glavu, anarudi nyumbani."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Na hakurudisha?"

"Hakurudisha. Ningeona. Nilikuwa pale siku zote."

Mkokoteni ulikuwa unapita, mwenyewe anapiga mluzi watu wampishe. Nilitamani nimzibe Mgoa mdomo kwa kiganja changu. Nilimchukia yeye, nikamchukia Mwalimu na sharti lake, na kwa muda ule, Mungu anisamehe, nilimchukia hata baba. Puu, puu, na sie juu ya kitanda. Nikamkumbuka mama na nazi yake, nikajua kwamba mama alikuwa anajua. Ndiye aliyekuwa anamkanda kwa maji ya moto kila jioni akirudi, atakosaje kujua?

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono inacheza kwenye mapaja.

Mwalimu alikishika kile kikombe kisafi, akakigeuza, hakujua akiweke wapi. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu wa haki na haki yake ilikuwa imemkwama. "Tunapanga mabondia," alisema, kama anajisemea. "Mtu ambaye hakuruhusiwa kurusha ngumi, unampangaje?"

"Muweke tu hata wa mwisho," akasema fundi. "Mzee wa watu."

Hilo neno liliniuma kuliko ngumi zote. Mzee wa watu! Wanaume wale walikuwa wanambishia Kipofu kwa mishipa ya shingo, wanamtukana, wanamshusha, wanampandisha, kwa sababu walimwona ni mwanamume kamili. Baba yangu walikuwa tayari kumpa kikombe bila ubishi, kama anayempa ombaomba chenji mlangoni mwa msikiti. Nikafungua mdomo niwafukuze wote.

Baba akasimama.

Sikumsaidia. Sijui alipata wapi nguvu. Alisimama akajiweka sawa, miguu kaitenganisha, na akamwelekea Mgoa.

"Wewe ndiye ulikuwa na saa."

"Ndiyo."

"Na kengele."

"Ndiyo, na kengele."

"Raundi ni dakika tatu."

"Ndiyo."

"Mbona ulikuwa hupigi?"

Mgoa alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono yote miwili, anaizungusha. Aliponijibu mie badala ya baba, nikajua kwamba hawezi kumtazama.

"Afisa aliniambia nisipige mpaka yeye achoke," akasema. "Nilikuwa karani, binti yangu. Nilikuwa na mama na wadogo zangu. Naangalia saa, dakika tatu zimepita. Naangalia ukutani. Nikirudisha macho kwenye saa zimepita nyingine, na huyu bado amesimama, na yule bado hajachoka. Kama angeanguka ningepiga. Lakini alikuwa haanguki."

"Nilikuwa naisikilizia," baba akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ningependa ingekuwa ya hasira. "Kila siku naisikilizia. Nasema sasa hivi atapiga. Sasa hivi. Nilidhani huoni."

"Nilikuwa naona."

"Kumbe."

Baba akanyanyua mikono. Aliiweka mbele ya uso, ngumi zimekunjwa, viwiko vimebana mbavu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliiona imetulia. Akasema kwa nyuma ya mikono ile, "Basi piga."

Mgoa hakuelewa. Mie nilielewa, na Mwalimu naye, maana alikaa chini.

"Piga sasa," baba akasema. "Nimechoka."

Mgoa akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Kisha akainua fimbo yake akaligonga geti letu, lile la chuma, mara moja, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. Likalia kama kengele, mtaa mzima. Mafundi wa ghorofa la mbele waliacha kazi wakachungulia chini.

Baba akashusha mikono. Ikaanza tena kutetemeka. Akarudi nyuma hatua mpaka akakigusa kiti, akakaa, akafungua mdomo. Nilikimbilia maji ndani nikamwekea glasi midomoni, akasukutua, akatema pembeni ya kiti, kwenye saruji niliyoifagia asubuhi. Alikuwa anahema. Akanitafuta kwa macho, na kwa namna alivyonitazama nilijua anajua mie ni nani.

"Nani kashinda?" akaniuliza.

Mdomo wangu unajulikana Kariakoo nzima. Siku hiyo ulikuwa mzito. Mwalimu bado alikuwa na kikombe mkononi, fundi anatazama viatu vyake, Mgoa ameshika geti asianguke.

"Wewe, baba," nikasema. "Umeshinda wewe."

Akatikisa kichwa kukataa, taratibu, akanipapasa mkono kama mie ndiye wa kubembelezwa.

"Sikurusha hata moja, mwanangu," akasema. "Hata moja."